Maji Yasiyofika Mia

Habari za kifo cha Mwalimu Gathogo zilinikuta nimesimama juu ya sufuria ya maharagwe yaliyokuwa yamekataa kuiva. Ndiyo kazi yangu. Ninasimamia jikoni katika chuo kimoja hapa Nyeri mjini, na maharagwe yakikataa kuiva vijana hugonga sahani kwa vijiko na kuniita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Muthoni ndiye aliyetuma ujumbe, kwenye kundi la simu la wasichana tuliosoma pamoja, wasichana ambao wengi wao sasa wana wajukuu. Aliandika, "Mwalimu wetu wa Fizikia ametuacha. Tukutane kwake Kiriaini Alhamisi mchana kwa maombi." Wenzangu wakaanza kumimina pole na picha za mishumaa. Mimi nililitazama lile neno "wetu" hadi povu la maharagwe likamwagika motoni. Sikulia, na sitajifanya kwamba nililia. Nilikasirika. Nilikasirika kwamba amekufa kabla sijamuuliza swali langu, na hasira hiyo haikuwa mpya hata kidogo. Nilikuwa nayo tangu nikiwa kidato cha pili, katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Kieni, si mbali na Chaka, mahali ambapo upepo wa Julai hukausha midomo mpaka kucheka kunauma.

Maabara yetu ilikuwa nyumba ndefu ya mawe iliyojengwa na wazazi kwa harambee, nao walichoka kabla ya kufika kwenye dari. Meza zilikuwa za saruji. Kila meza ilikuwa na bomba la gesi, na hakuna msichana aliyewahi kuiona gesi yenyewe. Tulitumia stovu za mafuta ya taa, zile zinazotoa moshi mweusi ukizipandisha utambi, ndiyo maana masweta yetu yalinuka mafuta ya taa wiki nzima. Dirisha kubwa lilitazama mlima. Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, ungeuona Mlima Kenya mzima umekaa pale na theluji yake, na tuliuzoea kiasi kwamba hakuna aliyeutazama. Mbele ya darasa kulikuwa na mbao mbili ambazo Mwalimu Gathogo alikuwa amezipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe likizo ya Desemba. Wa kushoto ulikuwa na maandishi mekundu: Kanuni za Maabara. Wa kulia, maandishi ya buluu: Matarajio. Kila Jumatatu tulisimama nyuma ya viti vyetu tukazikariri zote kwa sauti, kwanza nyekundu, kisha buluu, huku yeye akitembea katikati ya meza akisikiliza ni nani anafungua tu mdomo.

Nyekundu zilisema msichana asiingie kabla ya mwalimu, asiguse asichopewa, asicheke, asikimbie, na akivunja kioo amlete mzazi. Ya mwisho ilisema kwamba jibu la kila jaribio sharti liafikiane na jibu linalokubalika. Buluu zilikuwa na upole zaidi. Tulitarajiwa kufika mapema, kuuliza bila woga, kumsaidia mwenzetu, na mwisho kabisa: mwanafunzi ataangalia kwa macho yake mwenyewe na kuandika anachokiona. Niliipenda hiyo ya mwisho kupita kiasi. Nilikuwa katika umri ambao mtu akikwambia jambo zuri unadhani analimaanisha. Na Mwalimu alikuwa na namna ya kukufanya umwamini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na mkewe likasimama lenyewe, na akiingia alikuwa akiimba wimbo wa kanisani chini kwa chini. Aliweza kusugua kalamu kwenye sweta na kuokota nayo vipande vya karatasi, kisha akatugeukia kwa furaha, kana kwamba na yeye ndiyo mara yake ya kwanza kuona. Wakati mwingine binti yake mdogo, Njeri, alikuja kusimama nje ya dirisha na sweta lake refu hadi magotini, akamwita, "Baba, chai!" naye akamwambia asubiri sayansi iishe.

Mwaka huo ndio walioleta umeme kwenye mabweni yetu. Mafundi walipanda nguzo, wakavuta nyaya, na jioni moja tukawasha taa, tukapiga kelele mpaka matron akaja na mwiko. Wenzangu walifurahia taa. Mimi nilitaka kujua ule umeme ulikuwa umetoka wapi na nani aliuambia upitie wapi. Nikaamua nitakuwa injinia wa umeme, nikasema hivyo mbele ya watu, na tangu siku hiyo nikaitwa Injinia Nyawira hata nikienda kuchota maji. Lakini shuleni kwetu Fizikia haikuwa ya kila mtu. Mwisho wa kidato cha pili Mwalimu Gathogo alichagua wasichana wachache wa kuendelea nayo, wengine wakaenda Biolojia na Upishi, na bila Fizikia hakuna uinjinia. Chaguo lilikuwa lake peke yake. Kwa hiyo kila nilichofanya mwaka ule katika chumba kile chenye moshi nilikifanya nikitaka jina langu lisomwe.

Jaribio lenyewe lilikuwa la kitoto. Chemsha maji, weka themomita, andika yamechemka kwa nyuzi ngapi. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, na tulifurahia stovu kuliko sayansi. Muthoni, mwenzangu wa meza, alipasha mikono huku mimi nikisoma. Zebaki ilipanda vizuri, ikapita themanini, ikapita tisini, ikafika tisini na nne, ikasimama. Maji yalikuwa yakiruka. Tukangoja.

"Labda bado hayajachemka poa," Muthoni akasema.

"Muthoni, yananirukia kwa mkono!"

"Ngoja tu. Yatafika."

Hayakufika. Nilichungulia meza ya jirani, nao walikuwa wamekodolea tisini na nne yao kimya kimya, maana kila mmoja alidhani ni yeye aliyekosea. Mwalimu akasimama mbele, akauliza ni nani amefika mia. Kila mtu akainamia themomita yake. Kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye stovu yake ilikuwa imezimika kitambo, akainua mkono. "Vizuri sana," Mwalimu akasema. "Na wengine?" Mikono ikaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine. Mkono wa Muthoni ukapanda pia, bado una joto la stovu.

"Nyawira?"

"Tisini na nne, mwalimu."

"Ati ngapi?"

"Tisini na nne."

Alikuja akaitazama themomita yangu, akaichomoa, akaniletea nyingine. Tisini na nne. Akaniletea ya tatu. Tisini na nne. Akaishika ile ya tatu karibu na macho yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaliambia darasa zima kwamba themomita za shule zimeharibika, na kwamba sote tuandike mia. Kalamu zikaandika. Mimi niliandika tisini na nne, nikaipigia mstari chini.

Kilichoniudhi zaidi, na bado kinaniudhi ninapokiandika, ni kwamba wiki hiyo hiyo alikuwa ametusomea imla juu ya jambo hili hili. Alituandikisha kwamba ukipanda juu, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema, kabla ya mia. Mfano, akasema, milima ya Himalaya. Tukaandika Himalaya, wengi wetu kwa makosa. Nikainua macho nikauona mlima wetu pale dirishani, nikauliza, "Na huu wetu, mwalimu?"

"Huu umefanya nini?"

Darasa likacheka, kinyume cha kanuni, na yeye hakumkemea mtu. Alisema, "Mfano ni mfano. Andika." Na mimi nikaandika.

Neno la themomita kuharibika likafika kwa madam mkuu wa shule, mwanamke ambaye hakupenda kitu cha shule kitupwe hata chaki iliyobaki kama kucha. Akaamuru zirudishwe dukani. Nilikuwa msimamizi wa vifaa vya maabara, kwa hiyo nikapakiwa kwenye pikapu ya shule na boksi mapajani, tukashuka Nyeri mjini mimi na Mwalimu. Duka lilikuwa la Bwana Kantilal, mzee Mhindi mwembamba aliyeuza vitabu, jiometri na vifaa vya shule, na nyuma ya pazia kulikuwa na mkewe na harufu ya tangawizi. Bwana Kantilal akafungua boksi, akazitazama zote juani.

"Mwalimu, wewe narudisha hii ya nini?"

"Zimeharibika."

"Yote?"

"Zote. Zinasema tisini na nne."

"Yote nasema tisini na nne?" Mzee akaweka miwani kichwani. "Sasa Mwalimu, hii naharibika namna gani? Kitu naharibika, moja nasema hivi, ingine nasema vile. Hii yote nakubaliana!"

Nilitaka kumshangilia. Nilimgeukia Mwalimu nikingoja abishe, maana darasani alikuwa hodari wa kubisha. Hakubisha. Mama mwenye duka alituletea chai ya maziwa yenye tangawizi kali na sahani ya chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu na viungo, tukala, Mwalimu akauliza habari za watoto wa mzee waliokuwa ng'ambo, Leicester, akacheka mahali pa kucheka, kisha akachukua boksi lile lile, akaliweka tena mapajani mwangu. Njiani, tulipokuwa tumepita Kiganjo, akasema bila kunitazama, "Madam akikuuliza, mwambie mzee amebadilisha." Bahati nzuri hakuniuliza. Lakini siku chache baadaye, nilipokuwa nje ya ofisi ya madam nikingoja chaki, niliisikia sauti yake kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo. "Sitaki tena ile aibu ya mwaka jana, Mwalimu. Maabara nzima wasichana wanajiandikia namba zao, wanakatwa maksi kwenye mtihani wa taifa, halafu wazazi wananijia mimi hapa." Na sauti ya Mwalimu, ndogo kuliko nilivyoijua, ikajibu, "Haitarudia, madam." Nilidhani wanazungumzia wasichana wazembe. Nilichukua chaki zangu nikaenda.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulileta maji yale yale. Niliandika nilichokiona. Siku iliyofuata akaniita kwenye stoo ndogo nyuma ya maabara, chumba cha rafu na chupa za kemikali, alikokula chakula chake cha mchana mbali na walimu wengine. Juu ya meza kulikuwa na flaski ya chai na nduma zilizofungwa kwa kitambaa, na karatasi yangu kando ya nduma.

"Nyawira. Kwa maandishi wewe ndiye wa kwanza. Unajua hivyo?"

"Sijui, mwalimu."

"Sasa nimekwambia. Lakini hapa uko na tisini na nne. Futa, andika mia, nikuweke Fiziksi, tuende nyumbani."

"Ndiyo niliyoiona, mwalimu."

"Mimi sijakuuliza umeona nini. Nimekwambia ufute."

Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na kutoka pale nilipoketi niliziona mbao zote mbili. Sikuwa msichana jasiri. Nilikuwa msichana mkaidi, na watu huchanganya mambo hayo mawili. Nikaunyoshea kidole ubao wa buluu nikamwambia, "Ule unasema tuandike tunachokiona." Aligeuka akautazama ubao wake, maandishi yake mwenyewe.

"Na ule mwingine unasemaje?"

"Jibu liafikiane na linalokubalika."

"Sasa wewe niambie. Usipofuata matarajio unafanywa nini?"

"Hakuna."

"Na usipofuata kanuni?"

"Unaadhibiwa."

"Basi si umejijibu," akasema, bila ukali wowote, akavunja nduma akanipa nusu. Nilikuwa na njaa, nikaila. Hadi leo najiuliza ni mtu wa namna gani anayekulisha kwa mkono mmoja na kukunyima maisha yako kwa mwingine. Alinisogezea kalamu. Nilimaliza nduma, nikapangusa mikono kwenye sketi, na kalamu nikaiacha palepale. Alishusha pumzi. "Haya. Enda ukaone hizo vitu zako kwa Biolojia."

Majina yalisomwa gwarideni Ijumaa, madam akiwa amesimama kwenye ngazi na upepo ukimpeperushia karatasi. La Muthoni lilisomwa. La yule msichana wa nyuma ambaye stovu yake ilizimika lilisomwa. Nilisimama nikisikiliza mpaka mwisho, na hata baada ya mwisho niliendelea kusikiliza, nikidhani labda karatasi ina upande wa pili. Muthoni alinishika mkono tukienda kula githeri. "Ungeandika tu mia, Nyawira," akaniambia. "Kwani ni nini? Ni namba tu." Hakuwa mbaya. Alikuwa rafiki yangu na bado ni rafiki yangu, na barabara alizokuja kuzijenga ninazipita kila wiki. Ila kila nikizipita namwambia moyoni kwamba ile haikuwa namba tu. Mimi nilipelekwa Upishi, nikajifunza kupika, na nimepika tangu wakati huo. Wanafunzi wapya wa jikoni hunijia kila mwaka wakilalamika kwamba kitabu kinasema maharagwe huiva kwa muda fulani na yetu hayaivi kwa muda huo. Huwaambia ni urefu wa mahali, maji yetu hayapati moto wa kutosha. Huwaambia siku ya kwanza kabisa, kwa sauti kubwa, na wao hushangaa kwa nini mama wa jikoni anakuwa mkali hivyo juu ya maji.

Basi Alhamisi nikaenda Kiriaini. Nyumba ya Mwalimu ni ya mawe, imezungukwa na majani chai, na uani walikuwa wameweka mahema na viti vya plastiki. Muthoni alikuwa ameshapanga kila kitu, kama kawaida yake. Wasichana wa Fizikia walikuwa wamevaa vitambaa vya buluu shingoni ili watambulikane. Mtu alikuwa akisimulia jinsi Mwalimu alivyokuwa akiokota karatasi kwa kalamu, na watu wakacheka, nami nilicheka pia bila kutaka. Sikuwa na kitambaa. Mikono yangu haijui kukaa bure kwenye matanga, kwa hiyo nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye jiko la nje, ambako wanawake walikuwa wakimenya viazi wakibishana juu ya chumvi, na msichana mmoja alikuwa amefunua sufuria kubwa ya wali akiutazama kwa huzuni.

"Bado ni ngumu," akaniambia. "Na maji imeisha."

Kabla sijamjibu, mama mmoja mzee mwenye kilemba cheusi akatokea mlangoni. Nilimtambua kwa picha iliyokuwa sebuleni. Alikuwa Mama Njeri, mke wa Mwalimu, yule aliyekuwa akilipiga pasi lile koti.

"Mama, si ungekaa ndani?" mmoja wa wanawake akamwambia.

"Nimechoka kuangaliwa," akasema. Akaja akasimama karibu nami, akachukua punje moja ya wali akaitafuna. "Huu ongezeni maji ya moto, mfunike, halafu mweke mawe juu ya kifuniko. Msifunue funue. Maji ya huku haifiki mia."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Haifiki nini, mama?"

"Mia. Inaishia tisini na nne." Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu nifike. "Mimi nimetoka Mwea, kwa mchele. Kwetu nilijua kupika wali. Nikaolewa nikaletwa kule Kieni, kila siku wali ni mawe. Nikalia, nikasema huyu mtu atanirudisha kwetu. Yeye akakuja na ile themomita ya shule hapo jikoni, akaiweka kwa sufuria, akaniita nione. Akaniambia, mama, si makosa yako, ni mahali tuko."

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Wiki ya kwanza. Hata Njeri hatukuwa tumempata."

Njeri, aliyekuwa akisimama nje ya dirisha na sweta refu akiita chai. Kwa hiyo alijua. Alijua siku aliponiletea themomita ya tatu, alijua dukani kwa Kantilal alipokunywa chai asibishe, alijua akinivunjia nduma. Mkewe alipolia alimwambia ukweli palepale, na akamwonyesha kwa macho yake. Swali nililobeba miaka yote lilikuwa kama alijua au hakujua, na muda wote nilikuwa nimetumaini hakujua. Nilitafuta mawe, nikayapanga juu ya kifuniko, maana ilibidi nishike kitu.

Kutoka mahemani sauti ya Muthoni ikapaa. "Wa Fiziksi! Wote wa Fiziksi mkuje tupige picha na shada!"

"Si unaitwa?" Mama Njeri akaniuliza. "Wewe si ulikuwa wake?"

"Sikuwa wa Fizikia, mama. Alinikataa."

"Alikukataa? Kwa nini?"

Ningeweza kumwachia mjane siku yake. Lakini alikuwa ameniuliza, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza.

"Niliandika maji yalichemka kwa tisini na nne."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mkono wake juu ya mawe ya kifuniko.

"Kwani ungeandika ngapi?"

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya wamenya viazi na mfuko wa mchele, naye akadhani ninamlilia mume wake, akanivuta kifuani kwake akanishika mpaka wali ukaiva.